Ua lililoondoka Tanga

Muuzaji aliliita ua la Kizungu. Lilikuwa ndani ya kopo dogo jeusi, kando ya barabara jijini Dar es Salaam, limebanwa kati ya miche ya mawaridi na mifuko ya mboji. Majani yake manene yalikuwa na vinyweleo na yamejipanga duara kama sahani, na katikati yake maua matano ya zambarau yenye kidoa cha njano. "Hili la ndani, dada," aliniambia. "Ua la Kizungu, halitaki jua." Kuhusu jua alisema kweli. Kuhusu Uzungu, ilinichukua miaka miwili na safari moja ya Amani, kwenye milima ya Usambara, kufahamu kwamba asili ya ua lile ni mkoa uleule niliozaliwa mimi.

Sisi watu wa Tanga tumekua na msemo wetu wa waja leo waondoka leo. Ua hili liliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1890, likaenda kuzoea madirisha ya ugenini. Wajerumani hadi leo wanaliita urujuani wa Usambara. Waingereza na Wamarekani wanaliita urujuani wa Afrika, ingawa halina undugu wowote na urujuani wa Ulaya zaidi ya kufanana rangi. Mimi nitaliita ua la Usambara, maana jina linalotaja kwao ndilo linalolifaa.

Ukitaka kulitunza, anza kwa kwenda kuliona linapojitunza lenyewe. Nilipanda gari Muheza alfajiri, tukafuata barabara ya vumbi hadi Sigi, pale ilipokuwa stesheni ya reli ya Wajerumani na ambapo leo ni lango la hifadhi. Kutoka hapo njia inapanda kwa kona hadi Amani, karibu mita 900 juu ya bahari, na kila kona unaacha joto nyuma yako. Nilikuwa na mwongozaji, mzee wa Kisambaa aliyeujua msitu ule tangu utotoni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza nimekuja kuona nini. Wageni wengi huja kutazama ndege na vinyonga. Nilipomtajia ua, alitabasamu, akasema, "Twende kijitoni basi. Lakini usiliguse, mwanangu. Tazama kwa macho."

Tulilikuta kwenye mwamba mkubwa uliosimama kama ukuta, hatua chache kutoka majini. Mwamba ulikuwa umevaa kuvumwani na makangaga, na katika nyufa zake, kwenye udongo usiozidi kina cha kidole, mashina ya ua la Usambara yalikuwa yamejibandika moja baada ya jingine. Yalikuwa madogo kuliko langu. Maua yalikuwa mawili au matatu kwa shina, membamba, ya buluu inayokaribia zambarau. Mwanga ulikuwa mwingi kiasi cha mtu kusoma gazeti, lakini hapakuwa na doa la jua. Juu yetu miti mirefu ilikuwa imekutanisha matawi kama mwavuli. Nilipoweka kiganja kwenye mwamba ulikuwa wa baridi na wenye unyevu, lakini maji yenyewe hayakutuama popote. Yaliteleza na kwenda zake.

Nilikaa pale karibu saa nzima. Ninaandika makala hii kwa sababu ya saa ile, maana maelekezo yote ya utunzaji niliyowahi kusoma, ambayo awali niliyaona kama masharti ya mtoto anayedeka, yalikuwa yameandikwa kwenye mwamba ule. Mmea haupendi kuloa mizizi kwa sababu umezaliwa ukutani, mahali maji hayakai. Hautaki jua kali kwa sababu una mwavuli. Hauhitaji chungu kikubwa kwa sababu ufa wa jiwe si mkubwa. Hautaki mbolea nyingi kwa sababu chakula chake ni majani machache yaliyooza na kukwama kwenye nyufa. Ukishauona mwamba, huna haja ya kukariri.

Ua la kwanza nililonunua nililiua kwa maji. Nililimwagilia kila asubuhi, kama nilivyomwona mama akifanya kwa mipilipili yake. Baada ya wiki chache majani yalilegea. Nikadhani lina kiu, nikaongeza. Nilipolitoa kwenye kopo, mizizi ilikuwa ya kahawia na inanuka. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu mmea uliooza mizizi hulegea sawasawa na mmea wenye kiu: mizizi iliyokufa haiwezi kunywa hata ikiwa imelala ndani ya maji. Kwa hiyo kabla ya kumwagilia, gusa udongo. Ukiwa na unyevu, liache. Ukikauka juu na kopo likawa jepesi mkononi, ndipo uliwekee maji.

Namna ya kuwekea nayo ina maana. Majani yale yenye vinyweleo hayapendi maji ya baridi. Tone la maji baridi likianguka kwenye jani lenye joto huacha duara la rangi ya maziwa lisilofutika tena, na maji yakituama katikati, pale yanapochipukia majani machanga, shina huoza. Weka maji kwenye kisahani chini ya kopo, liache linywe kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Maji ya bomba yalaze usiku kucha kwenye ndoo wazi, yapungue dawa na yawe na joto la chumba.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya utambi, na kila aliyewahi kuwasha koroboi ataielewa mara moja. Chukua kamba nyembamba ya nailoni, ipitishe kwenye tundu la chini la kopo hadi ndani ya udongo, na ncha nyingine iache ining'inie ndani ya chombo cha maji kilicho chini. Kamba itapandisha maji kidogo kidogo kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa, mmea utakunywa kwa kiasi chake, nawe unaweza kusafiri wiki nzima. Usitumie kamba ya pamba, itaoza. Na udongo uwe mwepesi, maana udongo mzito wenye utambi utashinda umeloa. Mimi nachanganya mboji ya majani iliyochekechwa, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na kuoshwa chumvi, na mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, kwa viwango sawa. Naongeza chenga kidogo za mkaa. Ukiukamata mkononi na kuubana, ushikane kidogo, kisha uachie wenyewe.

Kuhusu mwanga, dirisha linalotazama mashariki linafaa kuliko yote: jua la asubuhi lililopoa, halafu kivuli chenye mwanga siku nzima. Mmea wenyewe utakuambia. Vikonyo vya majani vikirefuka na kunyooka juu kama mikono inayoomba, una giza. Majani yakijikunja chini na kuwa ya manjano, jua limezidi. Ukiwa na majani mazuri ya kijani yasiyofuatana na ua hata moja kwa miezi, usikimbilie mbolea. Lisogeze kwanza dirishani. Mbolea yenyewe nawekea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi.

Joto ndilo linalosumbua wakazi wa Pwani. Ua hili hustawi zaidi kati ya nyuzi 18 na 26, na Dar es Salaam ya Januari haina habari na hizo. Kwangu linakaa sakafuni, kwenye sahani pana ya kokoto zilizofunikwa maji nusu ili hewa inayolizunguka iwe na unyevu, kopo likiwa juu ya kokoto na si ndani ya maji. Feni inapita mbali nalo. Wa Lushoto wana shida iliyo kinyume: usiku wa Julai liondoe karibu na kioo, maana baridi kali hulidumaza na kulilegeza majani.

Ni mmea wa miaka mingi. Kila jani la chini linapozeeka na kung'oka, shina hubaki uchi kama shingo. Wengi huliona limechakaa, wakalitupa. Likitunzwa haliishi hamu ya kuanza upya: litoe kwenye kopo, punguza mizizi ya chini, kwangua shingo taratibu kwa kisu mpaka ngozi ya kahawia itoke, kisha lizamishe hadi majani yakae usawa wa udongo. Mizizi mipya itatoka shingoni. Nalifanya hivi mara moja kwa mwaka, na kopo halizidi theluthi moja ya upana wa majani. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani, hao ni wadudu. Wafute mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti, na utenge kopo hilo na mengine.

Sasa nije kwenye jambo linalonifurahisha kuliko yote. Jani moja la ua hili linaweza kuzaa mmea mzima. Chagua jani la mduara wa kati, si la chini lililozeeka wala la ndani lililo changa. Kata kikonyo kwa wembe safi, kwa mshazari, ubakize sentimita tatu. Liache lipumzike mpaka jeraha likauke kidogo. Lichomeke kwenye mchanganyiko uleule uliolowa kidogo tu, likilala nyuma kama mtu kwenye kiti cha uvivu, kisha ulifunike kwa nusu ya chupa ya maji iliyokatwa. Halafu subiri. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya nne hakuna kitu. Langu la kwanza lilichelewa hadi wiki ya tisa, na asubuhi moja niliona kwenye mguu wa jani vidoa vya kijani vidogo kuliko punje za dengu. Nilipoinama na kioo cha kukuzia, kila kidoa kilikuwa jani kamili, na lilikwisha kuota vinyweleo vyake. Jani lile lilinipa miche minne. Itenganishe inapofikia ukubwa wa sarafu, kila mmoja na kikopo chake, na baada ya miezi sita au zaidi itachanua.

Kwa kawaida miche ya jani hufanana na mama yake. Msituni ua huongezeka pia kwa mbegu, na hapo nyuki ndiye mwenye kazi. Zile punje mbili za njano katikati ya ua ni vifuko vya chavua. Havifunguki ovyo, na ua halina asali ya kumkaribisha mgeni. Nyuki hulikumbatia, akatetemesha misuli yake kwa mlio, na chavua hutoka kwa mtetemo huo. Tazama pia kile kijiti chembamba kinachopokea chavua: maua mengine kimeelekea kushoto, mengine kulia, hali inayosaidia chavua ya ua moja kumfikia mwenzake wa upande wa pili. Mbegu zinazotoka ni ndogo kama vumbi, na nyingi huangukia palepale.

Kwa sababu hiyo ua la Usambara haliendi mbali. Kila mlima umejilelea la kwake. Lipo la Shume, lililozoea baridi ya Usambara Magharibi. Yapo ya Nguru na Uluguru. Lipo linaloota Mbololo tu, kwenye vilima vya Taita huko Kenya, na lipo la mawe ya chokaa ya Kilifi, kule Mwarakaya na Kacharoroni, karibu kabisa na bahari. Mtaalamu B. L. Burtt wa Edinburgh aliyachambua kwa miaka mingi hadi orodha ikafikia spishi takriban 20. Mwaka 2006 uchambuzi mpya wa Iain Darbyshire uliyakusanya kuwa spishi sita. Wataalamu wataendelea kupanga na kupangua. Kwa mwenye kulinda, hesabu ni nyepesi na ya kutisha: yale ya mwamba mmoja yakitoweka, ya mwamba wa pili hayatavuka bonde kuja kuyarithi.

Lililosafiri lilibebwa na watu. Anayetajwa siku zote ni Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani. Alilipeleka kwa baba yake huko Silesia, baba akalifikisha kwa Hermann Wendland, mkurugenzi wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover, na mwaka 1893 Wendland akalitangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt ikaanza kuliuza. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua Armacost na Royston wa Los Angeles waliotesha mbegu kutoka Ulaya, wakachagua miche bora, na kutoka hapo zikazaliwa aina maelfu zilizopo leo, nyeupe, waridi, za petali maradufu. Wamarekani wana chama chao cha wapenzi wa ua hili tangu mwaka 1946.

Lakini kabla ya Saint Paul walikuwapo wawili. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka sampuli kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, mwaka 1884. Wa pili, mwaka 1887, alikuwa mmishenari W. E. Taylor, na hapa msomaji wa Kiswahili asimame kidogo. Taylor ndiye yuleyule aliyekusanya mashairi ya Muyaka mjini Mombasa akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, na lau si kazi yao sehemu kubwa ya tungo zile ingelipotea. Mtu aliyeokota beti za Muyaka aliokota na ua hili. Sampuli zote mbili zilikuwa kavu na pungufu, hazikutosha kulitangaza kwa ulimwengu, ndipo heshima ikaenda Tanga kwa Mjerumani. Haikudumu milele. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa ua hili ni la ukoo wa Streptocarpus, na mwaka 2015 likahamishiwa rasmi huko. Siku hizi jina lake la kisayansi ni Streptocarpus ionanthus. Mkuu wa wilaya ametoka, maneno ya Kigiriki yenye maana ya maua ya urujuani yamebaki.

Mimi simlaumu aliyelichukua kama ninavyotulaumu sisi tuliolisahau. Shule niliyosoma ilikuwa mwendo mfupi kutoka mawe ya chokaa ya Tanga, jamii ya mawe ambamo Saint Paul aliliona, na hakuna mwalimu aliyetupeleka. Tulifundishwa sehemu za ua kwa mchoro wa ua lisiloota kwetu. Nina hakika mtoto aliyewahi kusubiri wiki tisa jani lake lizae hatapita mwambani bila kutazama, na ndiyo sababu nagawa miche yangu kwa watoto wa jirani kabla ya watu wazima.

Neno moja kwa anayesoma haya akiwa karibu na msitu: usiling'oe. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, ina hekta 8,380, na kuchukua mmea humo bila kibali ni kosa. Hata pasipo sheria, ua la porini lililozoea ukungu wa kijito halimudu sebule yako. Nunua la kitaluni, au omba jani kwa mwenye nalo. Jani halimpunguzii kitu.

Nilirudi Amani mwaka uliofuata, na picha ya ua langu kwenye simu. Mzee aliitazama kwa muda. "Limenenepa," akasema. "Huko linakula vizuri." Kisha akanipeleka kwenye mwamba mwingine, mbali kidogo na ule wa kwanza, ambao hakunionyesha safari iliyopita. Mti mkubwa uliokuwa ukiufunika ulikuwa umeanguka. Jua la saa sita lilikuwa linaupiga mwamba uso mzima. Kuvumwani lilikuwa limekauka na kubanduka kama rangi ya ukuta, na mashina ya ua la Usambara, niliyahesabu kumi na saba, yalikuwa yamebaki makaratasi ya kahawia yaliyoshika nyufa. Hakuna aliyeyang'oa. Yameondolewa kivuli tu. Hivyo ndivyo yanavyokufa mengi, pale mti unapokatwa kwa mbao, pale msitu unapopunguzwa ili kupanda iliki, pale mwamba wa chokaa unapovunjwa kwa ajili ya kokoto.

Upande wa chini, kwenye ufa uliogeukia kijito, lilikuwa limebaki shina moja lenye majani manne. Mzee alikuwa amelijengea kibanda cha matawi yaliyoanguka, ameyaegemeza kwenye jiwe, na yale ya wiki iliyopita yalishakauka na kupukutisha majani. Aliyatoa. Tulizunguka chini ya miti tukiokota mengine yenye majani bado, tukayaegemeza moja moja, naye akawa anainama kila mara kutazama kama doa la jua limekwisha kwenye majani yale manne. Lilibaki doa moja, upande wa kushoto. Akaniomba nimsogezee lile tawi lenye majani mapana.